Skrini Imwelekee Mwenye Mashine

Papa Kasereka aliniita pembeni siku ya pili ya kilio cha mkewe, Mama Katungu, wakati wanawake wa kwaya walikuwa wamepumzisha sauti na vijana wanapanga upya viti vya plastiki uani. Nilidhani anataka kuniuliza habari za jeneza au za magari ya kwenda makaburini. Badala yake alinishika mkono, akaniingiza chumbani, akapanda juu ya stuli, mzee wa umri ule, akateremsha kutoka juu ya kabati mkoba mweusi uliojaa vumbi. Niliujua kabla hajaufuta. "Kahindo," akasema, "mama yako hana picha ya kuweka pa jeneza. Zile za telefone zote alifunga kinywa. Humu ndani iko ile ya pa ziwa, siku alicheka. Unipatie ile." Halafu akakaa kitandani, mikono magotini, kungoja. Sikumwambia kwamba naogopa kuiwasha. Mwanamke mzima, nina watoto wawili, nimetengeneza kompyuta za watu maisha yangu yote, na sasa nilikuwa nafuta vumbi la laptopu moja kuukuu ili nisiiwashe.

Mwaka ulionifanya niiogope ni ule ambao vita ilikuja ikasimama Kibati. Kibati iko njia ya kaskazini, mtu wa miguu anatoka asubuhi Goma na kufika kabla jua halijakaza, na sisi wa mtaa wa Majengo tulikuwa tunasikia mizinga kama jirani anayehamisha makabati. Barabara ilijaa watu na magodoro, mbuzi, masufuria, watoto waliofungwa kamba kiunoni wasipotee. Mimi nilikuwa msichana niliyepanga chumba kwa Papa Kasereka na Mama Katungu, katika nyumba yao ya mbao iliyokaa juu ya mawe ya volkano. Nyumba za mbao hazifichi kitu. Usipotaka kusikia, unasikia. Upande wa kushoto walikuwa wamepokea wageni kutoka Rutshuru, na kila asubuhi nikipiga mswaki nilisikia mwanamke mmoja anamwambia mwenzake habari zilezile kwa sauti ya mtu anayechambua maharage: nani alichukuliwa, nani aliachiwa, nani alionekana anabebeshwa mizigo ya wenye silaha. Mwaka ule nilijifunza kwamba woga hauko moyoni. Unakaa tumboni, na unaamka kabla yako.

Papa Kasereka alikuwa amegeuza sebule kuwa karakana. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo aliyechoka na barabara; alinunua kompyuta kubwa moja ya mezani na laptopu moja, akaanza kuchapa mialiko ya harusi na kutibu mashine za jirani, na mimi, niliyekuwa nashinda pale kwa udadisi, nikawa mwanafunzi wake kabla yeyote hajasema neno hilo. Wagonjwa wetu walikuwa wengi. Watu walikuwa wanahamisha kila kitu kwa flashi, au kle kama tunavyoiita kwetu: nyimbo, mahubiri, picha za ubatizo. Kila kle ilikuja na virusi wake. Na imani zilizokuwepo, usiulize. Mama mmoja wa mtaa wa Birere alianika kle yake juani pamoja na mihogo ili wadudu wafe. Mama Katungu mwenyewe aliifunika kompyuta ya mezani kwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono, chenye maua pembeni, akiamini kwamba virusi wanaingia na vumbi. Nilimcheka kila siku. "Cheka tu," alikuwa anasema, "lakini hii yangu ilishagonjwa siku gani?" Kweli haikuwa imeugua, maana mumewe hakuruhusu kle yoyote iiguse kabla haijakaguliwa kwanza kwenye laptopu, lakini sifa ilikwenda kwa kitambaa.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Goma ya siku zile mtu hakukuachia kompyuta akaenda zake. Alijua akirudi atakuta umeng'oa kumbukumbu kubwa, memoire kwa lugha yetu, na kumwekea ndogo. Kwa hiyo mwenye mashine alikaa kitini, skrini imwelekee yeye, na fundi alifanya kazi akiwa ubavuni. "Skrini imwelekee mwenye mashine," alikuwa ananiambia. "Weye ukae pembeni. Shingo itazoea." Shingo haikuzoea, inaniuma mpaka leo, ila wateja walituamini. Kisha alinifundisha ugonjwa uliokuwa unasumbua mji mzima. Kirusi kile kilikuwa kinachukua folda zako za kweli na kuzificha, na mahali pake kinaweka vivuli vyenye majina yaleyale. Unabofya kivuli, hakifunguki, nawe ndiyo umeshakisambaza. Watu walipiga kelele kwamba vitu vyao vimekufa, wakafuta disiki nzima, na hapo ndipo vilipokufa kweli. Yeye alikuwa anafungua dirisha jeusi, anaandika amri ya mstari mmoja inayoviambia vyote vilivyofichwa vitoke, na picha za mtu zinarudi zote, harusi kwa harusi. "Virusi haiuake," alinirudia hadi nikachoka, maana yake haiui. "Inafichaka. Mwenye kuua ni ule wa haraka, ule wa kufuta." Amri ile niliijua kama ninavyoijua Salamu Maria.

Siku jeshi lilipovunjika na watu wote kumiminika mjini, Papa Kasereka alikuwa Munigi, amempelekea mteja kazi yake, na laptopu iko kwenye mkoba mweusi begani. Hakurudi. Tulingoja jioni ile, tukangoja kesho yake, tukaenda kuuliza kila mahali panapoulizwa. Wiki zilipita. Mtu wa chikudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, aliyekuwa anashusha makaa alisema amemwona, au mtu anayefanana naye, kwenye mstari wa wanaume waliobebeshwa masanduku kupanda kaskazini. Hiyo tu. Mama Katungu aliendelea kupika chai kwa birika lilelile kubwa, na tangawizi yake ileile ambayo mumewe alikuwa anailalamikia kila asubuhi ya ndoa yao. Jirani walianza kumwita mjane wakidhani mbao hazisikii. Aliwasikia. Aliniambia siku moja, akikunja nguo za mumewe ambazo hazikuwa zimevaliwa, "Haiuake, inafichaka. Si njo mulikuwa munasema?" Nilimwitikia ndiyo.

Nikaendelea na kazi kwa ile kompyuta ya mezani, kwa sababu ilibidi tule. Na mchana mmoja, mvua imekatika na mawe ya uani yanatoa mvuke, pikipiki ilisimama mlangoni. Aliingia mwanaume mwenye sare na viatu vya matope, bunduki mgongoni. Sare siku hizo zilifanana, na hatukuuliza mtu ni wa upande gani. Alivua kofia kwa adabu. "Njo hapa kwa Kahindo wa maordi?" Nikamwambia, "Njo hapa, afande. Kompyuta natengeneza mimi. Karibu." Akaweka mezani mkoba mweusi. Akaufungua. Laptopu ilikuwa na alama ya mshumaa ulioangukia pembeni ya kibodi, na kitufe kimoja kilichobandikwa kwa gundi, na gundi hiyo niliimwaga mimi mwenyewe. Ilikuwa laptopu ya Papa Kasereka.

"Iko na virusi," afande akasema, akivuta kiti na kukaa mahali wenye mashine wanapokaa. "Nafungua miziki, inakataa. Nafungua filme, inakataa." Nikajikaza nikauliza kama kuna vitu alivyofuta. "Nilifuta bintu byote nilikuta humu. Byote bilikuwa binakataa kufunguka, nikatupa. Nikaweka byangu kwa hii kle, nabyo bikakataa." Ni hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kulikuwa kubaya zaidi kuliko kutojua. Kle yake ndiyo iliyoleta ugonjwa. Kirusi kilikuwa kimeficha folda za Papa Kasereka, na afande alikuwa amefuta vivuli tu. Za kweli zilikuwa bado mle ndani. Zilikuwa na picha. Picha za nani? Za Mama Katungu, kwa mamia, Mama Katungu kanisani, Mama Katungu jikoni, Mama Katungu kando ya ziwa. Na Mama Katungu alikuwa nyuma ya pazia, anakoroga chai, anakuja kumkaribisha mgeni. Nikiandika ile amri kama ninavyoiandika kila siku, uso wake utatokea kwenye skrini inayomwelekea mwenye bunduki, na mwenye sura hiyo atakuwa amesimama mbele yake na sinia.

Alikuja. Akaiona laptopu. Niliona anaiona, jicho lilikwenda kwenye ile alama ya mshumaa likabaki pale. Vikombe havikugongana. Aliweka sinia, akamwagia mgeni maji ya kunawa, akauliza habari za njia. Na mimi ghafla nikakumbuka picha ya harusi yao, kubwa, ya fremu, inaning'inia ukutani juu kidogo ya kichwa cha afande. Kama angegeuka tu kunyoosha shingo. Mama Katungu naye aliikumbuka. Akaenda kwenye kompyuta ya mezani, akakitoa kile kitambaa cheupe, akakikung'uta mlangoni, akarudi akakining'iniza juu ya fremu kwa mikono miwili, polepole, kama mama anayetunza nyumba. "Vumbi ya hapa ni mubaya," akasema. Afande hakuinua hata kichwa. Sikukicheka tena kitambaa kile maishani mwangu.

"Nani alikuelekeza kwangu, afande?" nikauliza. Sijui nilipata wapi ulimi. Yeye alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, ana baridi, kijana tu kumbe, midomo imepasuka. "Kuko muzee mumoja kule kwetu. Anatutengenezeaka groupe ya umeme na matelefone. Mukubwa anamupenda, hataki aende. Nilimupatia hii, ikamushinda. Akasema, fika Majengo, uliza Kahindo, ule binti anajua kunipita." Akanywa, akakunja uso, akacheka kidogo. "Na akasema tena niombe chai. Akasema chai ya hapa iko na tangawizi mingi sana, lakini nivumilie. Na kumbe ni kweli."

Hapo nataka msomaji akae kidogo, kwa sababu mimi nilikaa. Ugonjwa ule haukuweza kumshinda Papa Kasereka. Ni yeye aliyenifundisha kuutibu. Angeutibu amefumba macho. Kumbe alikuwa hai, na alikuwa ameiacha mashine iugue ili ije nyumbani badala yake. Furaha iliyonipanda ilikuwa imechanganyika na hofu kiasi kwamba sikuweza kuzitenganisha, kwa sababu nilijua pia bei yake. Siku afande atakapogundua kwamba muzee amemtuma nyumbani kwake mwenyewe, ataona ni njama ya kutoroka, na kule walikokuwa hapakuwa na hakimu. Uhai wa Papa Kasereka ulikuwa umekaa juu ya meza yetu, unangoja nibonyeze kitufe kipi. Mama Katungu alikuwa bado amesimama na birika. Sikuthubutu kumtazama. Nikasikia anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mumwambie nitapunguza."

Nikaanza kazi, kutoka ubavuni, skrini inamwelekea yeye. Badala ya kuelekeza amri kwenye disiki nzima, niliielekeza kwenye kle yake peke yake, na nilikagua ile herufi inayotaja disiki, nikaikagua tena, nikaikagua tena, kwa sababu herufi moja tu ndiyo iliyotenganisha nyimbo za afande na uso wa Mama Katungu. Nikabonyeza. Nyimbo zilitoka, moja moja, na filamu zake za ngumi. Akapiga paja kwa furaha. Nilizinakili kwenye laptopu, nikamfungulia wimbo mmoja, sebule ikajaa gitaa. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna fundi anayelifanya kwa kujua. Nilimwacha kirusi mmoja. Nilimwacha amelala pembeni, nikijua kwamba kle itakapochomekwa na kuchomolewa mara kadhaa ataamka, nyimbo zitajificha upya, na kijana huyu atalazimika kurudi. Sikuwa na njia nyingine ya kupata habari. "Ikikukatalia tena, uniletee mimi," nikamwambia. "Usipeleke pa fundi mwingine. Batu ba Birere batakung'olea memoire." Hiyo ilikuwa kweli, na nilishukuru kwamba ni kweli.

Pikipiki ilipoondoka, Mama Katungu alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye mbao, miguu imenyooshwa kama mtoto. "Ile ugonjwa," akaniuliza, "yeye mwenyewe angeiweza?" Nikamwambia, "Angeiweza, mama." Akafunika uso kwa kitenge. Upande wa pili wa ukuta yule mwanamke wa Rutshuru alikuwa anaendelea na majina yake, na kwa mara ya kwanza tangu watu wakimbie nilisali asikilizwe na Mungu, kila jina.

Alirudi, afande. Alirudi tena na tena. Kila nikisikia pikipiki, Mama Katungu anakimbilia kitambaa, na mimi namwekea mgeni kiti. Alituletea habari bila kujua anazileta. Mara muzee ana homa. Mara muzee amepona na anauliza kama chai imepungua tangawizi; afande aliona ni mzaha wa wazee. Mara muzee amepigwa na mukubwa kwa sababu jenereta imezimika, na Mama Katungu aliendelea kumkatia mgeni makemba, ndizi za kupika, bila kisu kutikisika, kisha akaenda jikoni na kutapika. Usiku sikulala nikifikiria mafundi wengine. Ingekuwa kazi ya dakika moja kwa fundi yeyote mwenye haraka kuandika amri ile kwenye disiki nzima, na kuonyesha ujuzi wake, na kumuua mtu. Nilikonda. Nywele zilikatika pembeni mwa kichwa. Watu walidhani naogopa mizinga, nami niliwaacha wadhani hivyo.

Halafu wiki ikapita bila pikipiki, na nyingine. Tulisikia kwamba kule juu wamehama kwa ghafla. Nilijua ni mimi, nilijua wameiona picha. Mama Katungu aliacha kula. Na asubuhi moja, watu wakishuka kutoka Kibati na magodoro yao yaleyale, sasa wanarudi ama wanakimbia tena, sikujua, alisimama mlangoni mtu mwembamba kwa kiasi kwamba shati lake lilionekana la kuazima, mkoba mweusi begani. Wenye silaha walikuwa wameondoka mbio na kumsahau pamoja na jenereta mbovu, na laptopu akaichukua kwa kuwa ni yake. Mama Katungu hakupiga kelele. Alimshika kola akamvuta ndani kama mtu anayeingiza nguo mvua ikianza. Yeye alinitazama juu ya bega la mkewe, macho yameingia ndani, akasema, "Kahindo, ile kazi gani uliifanya? Nilikufundisha kusafisha vile?"

Hayo ndiyo maneno pekee ya mzaha aliyowahi kuyasema kuhusu miezi ile. Laptopu aliiweka juu ya kabati na haikushuka. Nilimwambia mara moja nimfichulie mafaili yake, akasema yakae. Alirudi kwenye mialiko ya harusi, ila hakukaa tena kuupa mlango mgongo. Mama Katungu alizeeka naye vizuri, alicheka jikoni, alicheka kanisani, lakini akiona tu mtu anamwelekezea simu kumpiga picha alifunga kinywa na kukazia macho mpigaji, kwenye harusi, kwenye ubatizo, miaka yote. Mimi peke yangu nilijua anamtazama nani: yule afande kitini.

Kwa hiyo chumbani mle, siku ya pili ya kilio, nilikaa pembeni ya kitanda, nikachomeka waya, na kuiwasha. Ilichukua muda mrefu, inanguruma na kunuka vumbi la moto. Nje kwaya ilianza tena. Disiki ilionekana tupu, isipokuwa nyimbo za afande, zimejificha zote nyuma ya vivuli, kirusi wangu alifanya kazi yake mpaka mwisho. Nikafungua dirisha jeusi. Safari hii niliandika herufi ya disiki nzima, na hata hivyo nilijikuta nasikilizia mlango, nasikilizia pikipiki. Nikabonyeza. Zikatoka folda zake, na ndani ya folda picha, na ndani ya picha Mama Katungu ana miaka arobaini, amepandisha kitenge magotini, maji ya ziwa yanamgonga miguu, kinywa kimefunguka hadi meno ya nyuma yanaonekana. Nikageuza skrini imwelekee mwenyewe.

Alitazama bila kuigusa. Kwaya ilimaliza wimbo, ikaanza mwingine, na bado alikuwa anatazama. "Unajua, Kahindo," akasema, "ile tangawizi ya chai yake haikukuwaka mingi sana."